Miwani Iliyogeuka Rangi Nyumbani kwa Melkizedeki

Siku miwani yangu mipya ilipogeuka rangi yenyewe mbele ya kikao, mwanamke mmoja alitoroka kupitia dirishani. Dirisha lenyewe dogo, na mwanamke mwenyewe si mdogo.

Msicheke kwanza. Siku ile walikuwa wamekaa kunihamisha kijiji.

Ngoja nianze na mbuzi.

Kijiji chetu kiko Singida, ndani kidogo ukishaiacha Mkiwa. Jirani yangu ni Melkizedeki, rafiki wa marehemu mume wangu, kwa hiyo tunaitana shemeji. Mbuzi wake wakaanza kufa, leo huyu, kesho yule. Akatangaza kwamba alfajiri moja aliniona nimesimama langoni pa zizi lake. Eti akanisalimia mara mbili, nikakaa kimya.

Sikuwepo. Alfajiri ile nilikuwa kitandani kwangu nagombana na kiuno.

Lakini nani amwamini bibi mwenye macho mekundu? Moshi wa kuni umenikalia machoni tangu niolewe. Tena ni kweli nilikuwa nawapita watu bila salamu. Si dharau, nilikuwa siwaoni. Mtu akiwa mbali kwangu ni gunia linalotembea, mpaka aongee ndio namjua.

Kuna siku nilimwamkia kijana wa bodaboda shikamoo. Akawasha pikipiki, hata abiria wake alimsahau.

Watu wakaunganisha. Mbuzi, macho, kutosalimia: mchawi. Mawe yakaanza kulia juu ya bati langu.

Na mwisho wake niliujua. Shoga yangu Theodora alifukuzwa hivihivi, kwa ushahidi wa Melkizedeki huyuhuyu. "Nimemwona kwa macho yangu mawili." Basi. Akabeba godoro lake akaondoka. Leo sebule yake imeota maboga.

Mwenyekiti wa kitongoji, Antipasi, akaitisha kikao. Kifanyike kwa Melkizedeki mwenyewe, ili aonyeshe aliposimama yeye na niliposimama mimi.

Nikapanda basi kwenda Singida mjini kwa binti yangu Luciana, anakaa Utemini. Alilia, akasema nisirudi tena huko. Nikamwambia nikikimbia nitakuwa nimekubali. Anipeleke nikanunue miwani, nirudi nikawatazame usoni hao wanaonihukumu.

Dukani tukamkuta binti mmoja anaitwa Flora, akanikalisha mbali na ubao wa herufi. Mteja aliyenitangulia alizisoma kwa sauti, nami nikazishika kichwani. Mazoea ya kuficha ni ugonjwa. Nikazitiririsha zote bila kukosea.

Flora akageuza ubao. "Haya bibi, na hizi?"

"Hizi zimekimbia, mjukuu wangu."

Alicheka. Lakini alipomaliza kunipima hakucheka tena. Akaniuliza huwa navukaje ile barabara kubwa ya Mkiwa. Nikamwambia navuka kwa imani.

Ikaja kazi ya kuchagua fremu.

Luciana akanishikia nyembamba ya rangi ya dhahabu, ya kukalia viti vya mbele kanisani. Nikaivaa, nikaivua. Nikajaribu ya duara, nikawa bundi kamili. Na kwa kesi niliyokuwa nayo, bundi ndiye ndege wa mwisho niliyetaka kufanana naye.

Nikachukua nyeusi, pana, inayofika mpaka kwenye nyusi.

"Mama, hiyo imekumeza uso."

"Ndio kazi niliyoipa."

Flora akaona itateleza, maana pua yangu haina mwinuko wa kuishikilia. Akaipasha moto mikono ya fremu, akaikunja nyuma ya masikio yangu, ikatulia.

Kwenye lenzi akanipa mbili nichague. Moja ya kawaida. Nyingine ukiwa ndani ni nyeupe, ukitoka juani inageuka nyeusi yenyewe.

Sikumwacha amalize. Kijijini kwetu kila jambo hufanyika nje, juani. Nani atayaona tena macho yangu mekundu? Nilijiona nina akili kuliko mji mzima.

Ilipokuwa tayari Flora akanivalisha. Kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wa Luciana. Ana mvi. Mwanangu ana mvi na hakuna mtu aliyeniambia.

Nikarudi asubuhi ya kikao.

Siku hiyo upepo ukaamka. Upepo wa Singida mnaujua, unaweza kukuvua kilemba na mawazo. Vumbi likaingia midomoni mwa watu, Antipasi akaamuru tuingie sebuleni kwa Melkizedeki.

Ndani. Sikupiga hesabu ya ndani.

Niliingia na miwani nyeusi tii, nikakaa kwenye kigoda. Kulikuwa na vijana wamesimama mlangoni, na mmoja ameshika kamba. Nilimwona vizuri. Nilitamani nisingemwona.

Melkizedeki akaeleza habari ya mbuzi, ya alfajiri, ya salamu mbili. Watu walikuwa wakinitazama mimi. Kidogo kidogo nikasikia minong'ono, halafu ikakatika.

Miwani ilikuwa inapauka. Taratibu, bila mkono wa mtu, nyeusi ikawa moshi, moshi ukawa maji, na macho yangu mekundu yakawachungulia.

Ndipo yule mama niliyewatajia akarukia nje dirishani.

"Mmeona wenyewe," alisema Melkizedeki. Hakupaza sauti. Yule kijana wa kamba akasogea mbele.

Nikaivua miwani, sebule yote ikarudi kuwa magunia. Nikamwelekea gunia lenye sauti ya Melkizedeki.

"Shemeji, kama ni uchawi wangu, kwako utagoma. Ivae, utoke nayo juani."

Akasita. Antipasi akamwambia avae, shauri liishe. Akavaa, akasimama kizingitini, jua likampiga usoni.

Ikageuka. Usoni kwake, mbele ya wote, nyeusi tii.

"Sasa tumekuwa wawili," nikasema. "Leteni kamba ya pili."

Kuna mtu alicheka pembeni, akajiziba mdomo. Mimi nilikuwa nasubiri Melkizedeki anijibu. Alikuwa amesimama palepale anatazama nje. Anatazama mti. Anatazama paa la jirani. Akainua miwani, akaishusha, akaiinua tena.

Halafu akauliza, "Eliza, nani katundika koti langu pale langoni pa zizi?"

Eliza ndiye mkewe. Alikuwa kakaa kwenye mkeka karibu na ukuta.

"Mimi, baba Noel. Tangu mbuzi wa kwanza afe. Fisi walikuwa wanafuata mizoga, nikalivalisha nguzo na kofia juu, wadhani kuna mtu."

Antipasi akamsogelea pale kizingitini. "Melkizedeki. Hebu tuonyeshe mama Luciana alikuwa amesimama wapi."

Melkizedeki akainua kidole. Kikafika nusu ya njia, kikashuka chenyewe.

Mzee wa watu alikuwa ameliamkia koti lake mwenyewe, mara mbili, likakataa kuitika.

Yule kijana akaanza kuikunja kamba taratibu, kana kwamba aliileta kwa ajili ya ng'ombe. Bwana mifugo alikuja baadaye akawapima mbuzi. Homa ya mapafu. Akawachoma sindano waliobaki.

Mngedhani niliondoka pale nacheka. Sikucheka. Kwa sababu Eliza aliuliza jambo, polepole, akiwa bado mkekani.

"Na Theodora je?"

Melkizedeki akaivua miwani, akanipa mkononi, akakaa chini kwenye vumbi la mlango wake.

Sasa hivi ana yake, Flora huyohuyo ndiye aliyempima. Fremu kachagua ya duara. Nimemwacha na ubundi wake.

Siku aliyoipata hakwenda nyumbani. Aliniomba nimsindikize mpaka anakoishi Theodora, kwa mdogo wake, mbali na kwetu. Tulimkuta anapepeta mtama. Melkizedeki akasimama mbele yake, kofia mkononi.

Theodora akaweka ungo chini. Akamtazama juu mpaka chini, kisha akamuuliza swali moja tu.

"Leo unaniona?"

Ndugu zangu mnaosoma, sina mengi. Kabla hujaapa kwamba umemwona mtu, kapime macho. Na ukienda kuchagua lenzi, mwache muuzaji amalize kuongea.