Rangi ya Kucha Kwenye Injini

Mwaka ule niliipaka injini rangi ya kucha. Nyekundu, ile ya harusi yangu, iliyokuwa imebaki robo chupa. Nilitia nukta kwenye plagi zote nne, kwenye betri, kwenye radieta, kwenye kila kitu kilichoweza kufunguliwa kwa spana, kwa sababu nilikuwa nimeamua hakuna mwanamume tena atakayenibadilishia kitu huku ananichekea usoni.

Pikapu ilikuwa ya marehemu mume wangu. Alikufa nikiwa na mimba ya miezi sita, akaniacha mtaani Nyalenda, Kisumu, na chumba kimoja, mtoto wa miaka mitatu, na hiyo gari kuukuu ya Kijapani. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na leseni, kwa hiyo sikukaa kulia. Nilipopata nguvu baada ya kujifungua, nikaanza kubeba nyanya na vitunguu kutoka soko la Katito hadi Kisumu. Mkubwa alibaki kwa jirani. Mdogo alilala kwenye karai kando yangu, juu ya leso.

Halafu pikapu ikaanza wazimu. Ukiwasha, inawaka vizuri. Ukienda polepole, sawa. Lakini ukikanyaga mafuta kidogo zaidi, labda unataka kupita mkokoteni, inashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, inaisha nguvu, kisha inaruka mbele. Ukikanyaga hadi chini kabisa, inakwenda. Shida ni pale katikati tu.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, hakuhitaji hata kufungua boneti.

"Shemeji, huo si ugonjwa wa gari. Hiyo ni chira."

Chira ni ile laana inayomshika mtu aliyevunja mwiko. Mwiko wangu ulikuwa kuendesha gari la marehemu kabla sijakubali kurithiwa na ndugu yake. Na mrithi aliyekuwa anangoja nikubali alikuwa nani? Yeye mwenyewe.

"Jumamosi nakuja na dereva," akasema. "Ikae nyumbani mpaka mambo itengenezwe."

Nilijua ikishaingia ua wa kwao haitatoka. Nikakumbuka pia kwamba wiki tatu kabla aliiazima kubeba mabati. Nikajumlisha. Asubuhi iliyofuata, kwenye foleni ya maji, nikawatangazia wanawake wote kwamba shemeji yangu ametia sukari kwenye tangi langu la petroli. Sikunong'ona.

Fundi wa kwanza mjini alibadilisha plagi. Wa pili alitafuta kabureta karibu nusu saa kwenye injini isiyo na kabureta, na aliponirudishia gari nilikuta zile plagi mpya zimegeuka kuwa nzee kuliko mama mkwe wangu. Wote wawili walikuwa wanywaji wenzake shemeji. Hapo ndipo nilipotoa ile chupa ya rangi, na Alhamisi nikaenda kwa fundi wa Kisian, upande wa pili wa mji, ambaye hakuna mtu wa kwetu aliyemjua.

Alikuwa Mwislamu wa mjini, mtu mzima, mwenye kofia iliyojaa grisi. Nilivuta kigoda mpaka karibu na bampa, nikakaa, nikamnyonyesha mtoto huku macho yangu yakiwa kwenye mikono yake.

"Mama, unanilinda ama unanichunga?"

"Vyote viwili, Mzee."

"Na hii nyekundu kila mahali?"

"Ni alama yangu."

"Naona. Injini imetoka saluni."

Sikucheka. Yeye hakushika spana. Aliniuliza maswali kama daktari: inashtuka ikiwa ya moto au baridi? Mguu ukifika wapi? Nikamwonyesha kwa kiganja, theluthi hivi. Inashtuka hapo hapo kila mara? Kila mara. Akaguna, akaenda kuleta mita yake ya umeme, ile ya sindano.

Kando ya mdomo unaoingiza hewa kwenye injini kulikuwa na kidude cheusi, ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, kimefungwa kwa skrubu mbili.

"Hii ni sensa," akasema. "Inaiambia kompyuta mguu wako umefika wapi, ndiyo kompyuta ijue itoe petroli kiasi gani. Sasa mimi nafungua hewa polepole kwa mkono. Wewe angalia sindano. Usiniangalie mimi, mikono yangu yote miwili iko hapa."

Niliangalia. Sindano ilipanda taratibu, ikapanda, na ilipofika theluthi ikaanguka hadi sifuri. Halafu ikaruka juu, ikaendelea kupanda kama hakuna lililotokea.

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Ikaanguka pale pale.

Kidato cha tatu, kwenye maabara ya fizikia, tulikuwa na kifaa cha waya uliozungushwa, unasogeza kipande cha chuma juu yake na mshale wa mita unapanda. Cha kundi letu kilikuwa na kutu mahali pamoja, na kila tulipofika hapo mshale ulikufa. Kwa hiyo nilielewa kabla mzee hajamaliza kueleza. Si petroli. Si sukari.

Lakini sikuwa tayari kumwachilia shemeji. "Nani ameifungua hii?"

Mzee akanionyesha vichwa vya skrubu. Juu yake kulikuwa na rangi ya manjano ya kiwandani, haijapasuka hata kidogo.

"Si wewe peke yako unajua kupaka alama, Mama. Hakuna mtu ameigusa. Isipokuwa maji. Unaosha wapi gari?"

Ziwani, kama watu wote wa Kisumu. Kila Jumapili mchana niliingiza pikapu mpaka maji yakagusa ekseli, nikasukuma magugumaji pembeni, nikafungua boneti na kumimina ndoo baada ya ndoo juu ya injini, na sabuni juu yake. Nilitaka ing'ae. Nilitaka asitokee mtu wa kusema mjane ameacha mali ya marehemu ioze.

Mzee aliifungua ile sensa, akaipasua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na tope la kahawia lililokauka, na mchanga. Ziwa langu mwenyewe.

Alitoa nyingine kwenye gari bovu nyuma ya banda lake. Nikadai ipimwe kwanza.

"Haya, sasa wewe ndiye fundi."

Sindano ilipanda bila kuyumba. Akaifunga, akaigeuza kidogo kidogo mpaka akaridhika na kipimo, akakaza. Nami nikatia nukta yangu nyekundu.

Kurudi mjini niliukanyaga ule mguu wa theluthi labda mara ishirini. Pikapu ilivuta laini kama uji. Nilipaswa kufurahi, na badala yake nilikuwa na hasira na nafsi yangu hadi masikio yakawaka moto.

Jumamosi sikumngoja aje. Alfajiri niliendesha mwenyewe hadi nyumbani kwao, nje kidogo ya Katito, nikampa ufunguo mbele ya mama yake.

"Jaribu."

Akaenda mpaka barabarani, akarudi, akaenda tena. Nilimwona akikanyaga na kuachia, akiitafuta ile chira yake. Aliposhuka, mama mkwe aliuliza, "Nyathina, mwanangu, imeshtuka?"

"Haijashtuka, Mama."

"Basi mwachie mwenye kazi gari yake. Nyanya zinaoza."

Shemeji alinifuata hadi kwenye mlango wa pikapu. Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwake. "Ulisema nimetia sukari. Mbele ya watu."

"Nilisema."

"Na?"

"Na haikuwa sukari."

Alingoja. Nilijua anangoja nimwombe radhi, na nilijua pia kwamba nikilitaja ziwa, kesho wataambiana mwanamke ameua gari kwa mikono yake, na ufunguo utabaki pale. Nikanyoosha kiganja. Tulisimama hivyo mpaka mtoto akaanza kulia ndani ya karai. Ndipo akaniwekea ufunguo mkononi.

Deni hilo la maneno sijamlipa mpaka leo. Siku hizi naosha pikapu mlangoni, kwa ndoo moja na kitambaa, na kabla sijafungua boneti naivisha ile sensa mfuko wa plastiki.