Rangi Iliyofunika Maandishi

Mwanangu, kuna Alhamisi moja hainitoki kichwani, na hata leo nikiisimulia moyo hunidunda kwa furaha. Nilikuwa binti mwenye papara. Miezi saba nilijifungia kwetu Ihanja nikitengeneza kihariri, ile programu ya kuandikia msimbo, yaani maagizo ya kompyuta. Kazi yote ya kuchora herufi niliiachia kadi ya michoro ya kompyuta, na wepesi wake usipime! Ukishusha ukurasa, maandishi yanateleza kama mlenda. Kesho ya Alhamisi hiyo nilitakiwa Singida mjini, nikakionyeshe kwa watu waliokuwa wanatafuta mtengeneza programu mmoja tu.

Basi nikawaita wenzangu wanne waje wakijaribu. Lakini kwetu mgeni hakai na njaa, nikaanza kwa kuchinja jogoo. Wakala, wakanawa, ndipo wakashika kompyuta. "Aisee, umetisha!" wakasema wote. Nikavimba kichwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mgema siku hiyo nilikuwa mimi.

Shangazi Zainabu, mwalimu mstaafu, alikuwa amefunga, hakugusa chakula. Wageni walipoondoka akakaa mbele ya kompyuta, akaburuta kipanya juu ya mstari ili auchague. Mstari wote ukawa buluu tupu.

"Maneno yamekwenda wapi?"

"Yapo, Shangazi. Yapo chini ya rangi."

"Sasa nitajuaje ninachofuta? Wenzako wameliona hili, ila wamekula chako wakaona haya. Wewe hukuita wakaguzi, uliita wageni. Siku nyingine waonyeshe kwanza, ulishe baadaye."

Uso ulinishuka, mwanangu! Nikampigia mmoja wao simu, akakiri: "Niliona, dada, ila kukwambia pale mezani kwako ningekuwa sina adabu."

Nikarudi kwenye msimbo. Kadi ilikuwa inachora herufi, halafu inamwaga rangi juu yake. Nikageuza, rangi itangulie na herufi zifuate. Nikachagua mstari tena. Loo! Herufi nyeupe zimesimama juu ya buluu, unazisoma moja moja! Nilipiga vigelegele mpaka Shangazi akaacha ukali wake akacheka.

Kesho yake mkubwa wa wale watu wa mjini akavuta kiti, na jambo la kwanza alilofanya, jamani, ni kuchagua mstari. Akausoma. Akaufuta. Akaniuliza nitaanza kazi lini.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Wakirimu watu, usiache, ndiyo mila yetu. Lakini kazi yako ipeleke kwa mtu asiyekuonea haya, tena mapema, kabla hujasifiwa na yeyote. Akikukosoa usinune. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wanaokupenda wanaweza kukufichia maradhi yako kwa adabu tu.

Mungu akupe mtu mmoja wa kukwambia ukweli siku moja kabla, na akupe moyo wa kumshukuru.