Miguu Iliyoacha Kuuma

Uchovu wa Scholastika ulikuwa wa miaka, si wa siku. Tangu afiwe na mume, karoti za matuta yake ya mlimani alizishusha kwa kichwa mpaka sokoni Mlali, kisha akaupanda mlima tena. Juu ya hayo kikaja kisukari: kiu isiyokatika, kukojoa kila mara, gauni kumpwaya. Zahanati wakamwambia ni aina ya pili, ile inayowanyemelea watu wazima, wakampa vidonge. Sukari ya chai aliiacha siku ileile. Togwa hakuiacha, maana togwa ni kinywaji cha mahindi na ulezi, hakitiwi sukari; kumbe nafaka nayo hugeuka sukari mwilini. Nani amlaumu? Ugonjwa wenyewe tumeuita sukari!

Kilichomtesa hasa ni miguu. Iliwaka kama imekanyaga makaa. Alisali novena tatu, kila moja sala ya siku tisa, akiomba maumivu yamwondoke, na mwaka huu yakaondoka kweli. Jumapili akapeleka tenga zima la karoti kwenye matoleo.

"Mungu kanisikia," alimwambia binti yake, Winfrida. Vidonge akaviacha.

Siku moja ya soko alirudi nyumbani, na Winfrida akaona damu sakafuni.

"Mama, umekanyaga nini?"

"Sijakanyaga kitu."

Winfrida akaivua ndala ya mama yake. Msumari ulikuwa umepenya soli, na mama ameutembelea tangu asubuhi, kwenda na kurudi. Wakaufunga mguu kwa kitambaa, wakangoja upone. Wiki tatu baadaye, hospitalini mjini, kidole gumba cha mguu huo kikakatwa, kimeshaoza.

Kidonda kilipofunga, muuguzi Hidaya akaja na uzi mgumu wa kupimia ganzi.

"Shikamoo mama. Leo tunapima mguu wa pili."

"Marahaba mwanangu. Nitarudi shambani?"

"Ukisikia, tutazungumza. Na huu ukiwa na ganzi, daktari amesema mlima basi." Akaunyoosha uzi wake. "Yale maumivu uliyonisimulia hayakupona, mama. Mishipa ya fahamu ndiyo iliyokufa."

Scholastika alilikumbuka tenga lile la karoti, akaona aibu, kisha hasira, kisha akachoka tu.

"Fumba macho. Nikikugusa, sema."

Alifumba. Hakuwa na novena ya jambo hili, akaomba kwa maneno yake mwenyewe: Mungu wangu, niumize. Akasubiri, mikono imeng'ang'ania shuka. Akasubiri tena.

"Anza basi, mwanangu."

Hidaya alikuwa anaukunja uzi wake.

"Nimeshamaliza, mama."