Juzuu Iliyobaki Kolo

Enzi za Mdachi, Kondoa nzima ilijua kwamba Adija binti Mrisho haogopi mtu. Msahafu wa kwanza uliopigwa chapa, kutoka Bombay, uliingia mjini mikononi mwake. Kaka yake Hamidi alipofoka kwamba mashine haitawadhi, Adija alimjibu kwamba maneno ni yale yale. Hamidi akanuna, akarudi zake Kolo.

Mama yao alipofariki aliacha ombi moja: khitma ya arobaini yake isomwe kwenye juzuu thelathini alizoandika marehemu mumewe kwa mkono. Mzee Mrisho alikuwa amezigawa kwa watoto na majirani, kila nyumba juzuu yake, ili asitokee mtu wa kusoma khitma bila wenzake. Mzee alikuwa mjanja yule! Adija akapita nyumba kwa nyumba akizikusanya. Zote zilipatikana isipokuwa ya Hamidi, aliyetuma neno kwamba hakanyagi nyumba yenye kitabu cha mashine.

"Basi nitamfuata," Adija akasema, akatia msahafu wake mfukoni na kushika njia.

Alimkuta mlangoni pa tembe lake.

"Shikamoo, kaka. Nimefuata juzuu ya baba."

"Marahaba. Jibu nilishatuma."

"Jibu nimelisikia. Juzuu sijaiona."

Hamidi akatazama chini. Adija alimjua tangu utotoni: akikasirika kweli humkazia mtu macho. Akaingia ndani mwenyewe, akafunua kitambaa kwenye shubaka la ukutani. Mchwa walikuwa wamekula kurasa zote, wakabakiza jalada la ngozi na udongo. Adija aliumia moyo, akamwonea kaka yake huruma.

"Ningewaambia nini watu?" Hamidi akauliza, machozi yakimtoka.

Adija akamfungulia msahafu wa Bombay mahali pa juzuu yake. "Baba alikufundisha wewe mwandiko wake. Kalamu iko wapi?"

"Ninakili kutoka kitabu cha mashine?"

"Soma kwanza. Ukikuta neno limebadilika, niite mwongo."

Hamidi alisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza, akarudia. Kisha akainuka kutafuta birika la maji.

Siku ya arobaini juzuu zote zilitimia nyumbani kwa Adija. Jirani yao mzee Hasani aliinua ile ya Hamidi.

"Huu ndio mkono wa Mrisho," akatamba. "Siyo mashine yako, Adija!"

Adija akamwangalia kaka yake.

"Ni hiyo hiyo mashine yake, mzee Hasani," Hamidi akasema. "Mimi nimeitawadhia tu."