Puto, Leza na Mama Mkwe

Daktari alinichorea figo yangu ya kushoto kwenye karatasi, na mrija unaoteremsha mkojo kutoka humo ukiwa umebanwa na kovu. Njia zilikuwa mbili, zote za kupitia chini, kwenye njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Puto dogo lingeingizwa mpaka kwenye kovu na kulipanua, au kovu lenyewe lingekatwa kwa leza. Puto ni la upole, akasema, lakini kovu gumu huweza kubana tena. Leza hukata vizuri, ila damu huweza kutoka.

"Chagua, lakini usikawie. Figo imeanza kuvimba."

Nilikawia. Nilirudi nyumbani Navakholo na ile karatasi, nikamwonyesha kinyozi, mwenyekiti wa kwaya na fundi wa pikipiki, kama mtu anayetafuta ng'ombe wa kununua. Fundi alipendelea puto, kwa kuwa mambo ya tyubu anayaelewa. Nikachagua puto.

Siku ilipofika nililala kwenye meza ya upasuaji, gauni limefunguka nyuma, muuguzi akaingia kunisafisha. Macho yale juu ya barakoa niliyajua. Alikuwa mama mdogo wa mke wangu, kutoka Butere, na kwa desturi yetu huyo ni mama mkwe kamili. Mkono hatupeani, na tukikutana njiani, mmoja huchepuka akaingia kwenye miwa. Niliruka chini, nikashika gauni kwa mikono miwili, nikatoka mbio. Simu za hospitali sikupokea tena.

Baada ya wiki kadhaa maumivu yakaisha. Nikatamba kwamba nimepona bila puto wala leza, na Jumapili moja nikasimama kanisani kutoa ushuhuda, mjinga mimi. Miezi ilipita kabla mke wangu hajanikokota kupimwa upya. Daktari akaitazama picha, kisha akanitazama mimi. Maumivu yalikoma kwa sababu figo ilikuwa imekufa. Hapakuwa na cha kuzibua.

Mama mkwe alikuja kunipa pole. Kama desturi inavyotaka, alibaki nje, akaongea kupitia ukuta wa chumba nilimolala.

"Si ungesema tu, mkwe wangu? Muuguzi mwenzangu mwanaume alikuwa hapo mlangoni. Sisi watu wa huku tunabadilishananga wagonjwa hivyo kila wiki."

Nilishukuru kwamba ukuta ulikuwepo, maana nilikuwa nalia.