Mwanga Nyuma ya Kofia

Papa alikuwa mchoraji wa wafu. Aliandika pia vibao vya maduka ya Kadutu, na mara moja alichora mamba kwenye ukuta wa baa, lakini kazi iliyotulisha ilikuwa ya vilio. Mtu akifa, jamaa zake walileta picha yake ndogo ya kitambulisho. Papa aliikuza kwa rangi juu ya gunia la unga lililonyooshwa, nayo ikawekwa mbele ya nyumba, kati ya matawi ya mitende, wapita njia wajue analiliwa nani. Nyuma ya kichwa cha kila mfu aliweka mwanga: buluu iliyofifia, karibu nyeupe, kama ziwa letu asubuhi kabla ya upepo. Aliniambia kwamba ukuta ulio nyuma ya mtu katika picha ya kitambulisho hauna mlango, na mfu lazima awe na mahali pa kupita.

Mimi nilimaliza shule ya msingi nikabaki nyumbani. Sisemi sana, na hata kuandika naandika polepole. Lakini picha za Papa nilizitazama kuliko mtu yeyote, na ile ya Rais naikumbuka yote.

Iliagizwa na ofisi ya serikali kabla ya sikukuu ya chama. Mkuu wa ofisi alileta ukurasa uliokatwa gazetini, akasema anataka kubwa, ya rangi, ya kijeshi. Papa alimsimamisha Rais akawa na urefu wa mlango. Kofia yake ilikuwa na ukingo wa uzi wa dhahabu. Kifuani nishani, kila moja na utepe wake, na Papa alibana pumzi alipozipaka. Mkono mmoja ulivaa glavu nyeupe na kushika glavu ya mkono wa pili. Mdomo ulifungwa, bila hasira wala furaha. Mdomo wa mtu anayengoja wengine wanyamaze. Na nyuma ya kofia, mwanga. Papa hakuwaza. Mkono wake ulikuwa umezoea.

Aliiegemeza kwenye ukuta wa mbao, uani, ikauke. Maman mmoja aliyekuwa akituuzia sambaza, dagaa wa ziwani, alipanda njia na beseni lake kichwani. Alipoiona alitua beseni, akafanya ishara ya msalaba.

"Pole, Papa. Huyu musoda alikuwa wa kwenu?"

Mama alianza kucheka. "Maman, angalia muzuri!"

"Niko naangalia. Maskini, na nguo ya jeshi ilikuwa inamukaa muzuri vile. Mutamuzika siku gani?"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Hapo sauti ikatoka nyuma ya ua: "Nani anazikwa?"

Alikuwa jirani yetu, aliyeongoza vijana wa chama katika mtaa. Aliingia, akaitazama picha, kisha akamtazama Papa. Mama alijifuta macho kwa kitenge.

"Citoyen, unatuchorea nini hapa?"

"Haiyaisha," Papa alijibu. "Rangi iko inabakia."

"Basi maliza. Na huyu maman arudie masomo, kama hajue sura ya Baba wa taifa." Alicheka peke yake, akaondoka.

Maman wa sambaza alijitwika beseni na kushuka bila kuuza hata samaki mmoja. Wote tulimkumbuka mtu wa njia yetu aliyefungia karanga katika gazeti lenye sura ile. Walimchukua. Aliporudi, mvua zilikuwa zimepita, naye hakuuza tena kitu wala hakusalimia mtu.

Papa alisimama na brashi mkononi, hajui kifo kimekaa wapi katika picha. "Ni macho?" aliuliza.

"Hapana macho," Mama alisema. "Ni ule mwanga wako. Umemufungulia mulango."

Ilibaki rangi ya kijani kidogo, aliyokuwa amepakia mlango wa baa ile. Papa aliizimua kwa mafuta ya taa ili itoshe, akafunika mwanga wote. Mkuu wa ofisi alipokuja na gari, aliitazama kwa muda mrefu.

"Mukubwa anapendeza," alisema. "Lakini juu ya nini unatetemeka, citoyen?"

"Ni malaria, chef."

Wakaipakia. Tulifikiri imekwisha. Lakini baada ya masika Mama alikwenda ofisini kutafuta hati, akarudi, akafunga mlango kabla ya kusema: "Mwanga umerudi." Kijani kilikuwa chepesi mno, na mwanga ulianza kutokea tena kando ya kofia.

Kesho yake Papa alivaa abakosi yake, suti ya chama isiyo na tai, akaenda kuomba ruhusa ya kumsafisha Mkubwa bure. Walifurahi. Tangu hapo huenda kila mwaka kabla ya sikukuu, akaufunika mwanga upya. Siku moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, watu wote wakiwa na majembe mikononi, yule jirani alimwita mbele: "Angalieni mapendo ya huyu muzee!" Walimpigia makofi. Papa alitazama chini, wakadhani ni unyenyekevu.

Mwaka huu nilipanga mstari ofisini kutafuta kitambulisho changu cha kwanza. Papa alikuwa juu ya kiti mbele yetu, ametupa mgongo, ndiyo kwanza anafungua kopo. Mkono wake unatetemeka kweli sasa, ni uzee. Mwanga ulikuwa wazi kando ya sikio la Rais. Mbele yangu alisimama mkulima aliyetoka Luhwindja. Aliitazama picha, akavua kofia yake, akaishika kifuani.

"Mungu amupokee," alisema, kama anayeongea na nafsi yake.

Karani aliinua kichwa mezani. "Umesema nini, weye?"

Mkulima aliibana kofia kifuani. Niliona brashi ya Papa imesimama. Sijui sauti yangu ilitoka wapi.

"Anasalimia, chef. Kwao wanatoa kofia mbele ya mukubwa."

Karani aliniangalia, kisha akatabasamu. "Munaona? Watu wa kijiji njo wanajua heshima. Mutoe kofia, wote!"

Mstari mzima ukavua. Wanawake wakakunja mikono. Papa aligeuka taratibu juu ya kiti, akatuona tumesimama hivyo, vichwa wazi, kama mbele ya nyumba ya kilio. Macho yake yalinipata. Kisha akaturudishia mgongo, akachovya brashi, akaanza kufunika, haraka haraka, na kijani kikamdondokea juu ya viatu.