Farasi wa Mbaha Aliyegeuka Mweupe

Safari hii sikuipanga. Jumatano jioni, nikiwa naanua kahawa uani kwetu Mpepai, mdogo wangu Adelina alipiga simu kutoka Mbaha huku akilia. Mumewe, Beno, alikuwa anashutumiwa kwamba ameuza farasi wa watu na kuweka mwingine mahali pake.

Mwenye farasi alikuwa mama mmoja wa Songea aliyejenga nyumba ya wageni pale ufukweni. Alimnunua farasi huyo Iringa ili wageni wapande, akamkabidhi Beno amtunze. Kisha mume wa yule mama akaugua, na mama akakaa mjini miaka sita akimuuguza hadi alipomzika. Aliporudi wiki ile alikuwa na cheti cha farasi mkononi. Cheti kilisema: kijivu cha kukaribia weusi, alama nyeupe kwenye paji la uso na kwenye mguu mmoja wa nyuma. Zizini alimkuta farasi mweupe pe, hana alama yoyote.

"Amempa Beno mpaka Ijumaa aseme ukweli," Adelina alisema. "Baada ya hapo ni polisi."

Baba alikuwa ameketi karibu nami, anasikia kila neno. Macho yake yana mtoto wa jicho. Anaona mwanga na kivuli tu. Lakini kabla hajarudi nyumbani kulima kahawa, alitunza farasi kwenye shamba moja huko Iringa kwa miaka kumi na mmoja.

"Muulize, huyo mweupe ngozi yake ya puani ikoje?"

Adelina hakujua.

"Basi twende," Baba akasema. "Hili si la simu."

Alhamisi alfajiri tulipanda gari la jirani yetu Kosmas, ambaye hushuka ziwani kila wiki kununua usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa. Baba alikaa mbele na koti lake la kanisani, mimi nyuma yake. Tulipoupita mji wa Mbinga na kuanza kuteremka, akaanza kunihoji.

"Osmunda, unaona nini?"

"Ng'ombe, Baba."

"Rangi gani?"

"Kahawia."

"Kahawia ya udongo mkavu au ya chai ya rangi? Na mkia? Na miguu, kuanzia magotini kwenda chini?"

Kosmas alicheka, lakini Baba hakuwa anatania. Alitueleza kwamba farasi wawili wanaweza kuwa na mwili wa rangi moja, lakini mmoja akawa na nywele nyeusi shingoni na miguu ya chini myeusi, mwingine akawa mwekundu tangu masikioni hadi mkiani. "Ukiandika kahawia tu, umewaandika wote wawili, wala hujamwandika yeyote." Akataja wenye mabaka kama ramani, wenye vidoa kama mvua ya kwanza vumbini, na wenye nywele nyeupe na nyekundu zilizochanganyika kama unga na mtama. Alikuwa amechangamka kama kijana. Nikaona aibu, maana nyumbani kila akianza habari za Iringa sisi wanawe tulikuwa tunainuka.

Mchana, baada ya Mbamba Bay, tuliifuata njia ya ufukweni, ziwa likiwa kushotoni. Tulipofika Ngumbo, Kosmas alishuka kuulizia samaki. Baba alikuwa ameegemeza kichwa dirishani.

"Baba, umechoka?"

"Hapana. Nawaza, ikiwa huyu siye farasi yule?"

"Beno hawezi kuiba, Baba. Unamjua."

"Namjua. Lakini nikimgusa nikaona siye, nitasema siye."

Nikamfikiria mdogo wangu. Adelina ana watoto wanne.

Jioni tulifika Mbaha. Beno alitupokea mlangoni, amekonda, hawezi kututazama usoni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, alibadilikaje?"

"Kidogo kidogo. Alianza usoni, kisha shingoni. Kila mwaka anazidi kufifia. Nilidhani ni ugonjwa, nikampa dawa za minyoo. Nilimwambia mwenye farasi kwa simu, akadhani namtania."

Baba alitikisa kichwa, akaomba chakula. Alikula ugali na samaki mbasa wa kuchoma, akaenda kulala.

Ijumaa saa mbili asubuhi tulikwenda zizini. Mama wa Songea alikuwa tayari amefika, na bahasha yake ya cheti. Alimwamkia Baba kwa heshima, lakini hakumsalimu Beno.

Baba alinyoosha kiganja, akangoja farasi amnuse kwanza. Kisha akampapasa polepole shingo, bega, mgongo. Aliniambia nitazame kuzunguka macho na pua.

"Ngozi ni nyeusi, Baba."

"Leteni maji ya ziwa, ndoo nzima. Mmwagie usoni taratibu."

Beno alimwagia. Nywele nyeupe zililala, na ngozi nyeusi ikaonekana chini yake. Katikati ya paji la uso palibaki sehemu ya pinki, ukubwa wa jani la mharage.

"Baba, kuna alama! Imeinamia kwenye jicho la kushoto."

Mama alifungua bahasha. Kwenye mchoro wa cheti alama ilikuwa imeinamia kushoto vilevile. Tukamwagia miguu ya nyuma. Wa kulia mweusi wote. Wa kushoto, pinki kuanzia kwato hadi juu ya kifundo.

"Farasi wa namna hii huzaliwa wa giza, huota mvi akiwa bado kijana," Baba alisema. "Nywele hubadilika, ngozi haibadiliki. Penye alama nyeupe tangu kuzaliwa, ngozi huwa ya pinki. Mama, huyu ndiye uliyemwacha."

Yule mama aliutazama mchoro, akamtazama farasi. "Miaka sita nimemkumbuka akiwa mweusi," akasema kwa sauti ndogo.

"Na wewe, mama, ulipoondoka nywele zako zilikuwaje?"

Akashika kilemba chake, akacheka, kisha akalia. Akamgeukia Beno. "Nisamehe. Nilikuita mwizi mbele ya watu. Nitakusafisha mbele ya watu haohao."

Beno aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso. Adelina alisimama nyuma yake, mikono mabegani mwake.

Jumapili, baada ya misa ambako mama alitimiza ahadi yake hadharani, Kosmas alitupitia. Nilimwuliza shemeji kama ataendelea na kazi ile.

"Nitabaki kwa ajili ya farasi," alisema. "Yeye hakunishuku."

Tukipanda milima kurudi Mpepai, sasa tukiwa sote kiti cha nyuma, Baba alisinzia begani pangu, na mimi nikabaki nawaza. Nilikwenda Mbaha kumtetea shemeji yangu, na neno langu lisingemsaidia chochote, maana nilikuwa nimeshaamua kabla ya kuondoka. Baba, asiyeona, alikwenda kumtazama farasi.